UZI: Historia ya picha za habari tunaisimulia kwa kamera, tunasahau njia ambayo picha ilipita

MkandaWa36 (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kila nikisoma makala kuhusu historia ya picha za habari nakutana na gwaride lile lile: sanduku la mbao, Leica, Nikon, dijitali, simu. Utadhani kamera ndiyo iliyofanya kila kitu. Mimi nimepiga picha za magazeti tangu enzi za kusafisha mkanda kwenye bafu la hoteli, na msimamo wangu ni huu: kamera imetubadilisha kidogo kuliko tunavyojisifia. Kilichoigeuza kazi hii ni njia ya picha kutoka mkononi mwa mpigaji hadi machoni pa msomaji. Na kila njia hiyo ilipofupishwa, kuna mtu aliyekuwa akiitazama picha pale katikati akaondolewa.

Tuanzie Crimea, 1855. Mwingereza Roger Fenton alikwenda vitani na gari la farasi lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo, akaligeuza chumba cha giza. Alitumia vioo vya kupakwa kolodioni, mbinu aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo unakipaka dawa, unapiga, unasafisha, yote kabla hakijakauka. Una dakika kumi, labda kumi na tano, ndani ya gari lililozibwa kila tundu, jua likiwaka nje. Na kupiga kwenyewe kulikula sekunde kadhaa, kwa hiyo usitafute mtu anayekimbia kwenye picha zake. Utaona maofisa waliokaa, mahema, farasi aliyetulia, na lile bonde maarufu lenye risasi za mizinga. Bonde hilo lina picha mbili: moja barabara ni tupu, nyingine risasi zimetapakaa barabarani. Watu wanabishana mpaka leo kama alizisogeza yeye.

Alirudi na picha zaidi ya 300. Zilimfikiaje msomaji wa gazeti? Hazikumfikia. Illustrated London News lilikuwepo tangu 1842, lakini mitambo haikuweza kuchapa picha yenyewe. Iliyochapwa ni michoro ya kuchongwa kwenye mbao. Ubao mmoja mkubwa uliundwa kwa vipande vidogo vilivyofungwa pamoja. Vikafunguliwa, vikagawiwa mafundi, huyu achonge mawingu, yule farasi, halafu vikaunganishwa tena. Fundi akiona askari amekaa vibaya anamweka sawa. Nani angejua?

Ndivyo ilivyokuwa hata Marekani. Alexander Gardner alipiga maiti za mapigano ya Antietam, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Septemba 1862, na mwezi uliofuata Mathew Brady akazionyesha kwenye ukumbi wake New York. Aliyeweza kufika ukumbini aliona picha. Aliyebaki nyumbani akaona mchoro wa picha kwenye jarida la Harper's Weekly. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kilichovunja ukuta huo ni nukta. Tarehe 4 Machi 1880 Daily Graphic la New York lilichapa picha ya vibanda vya maskini kwa kuipitisha kwenye wavu unaoivunja kuwa nukta, kubwa penye giza, ndogo penye mwanga. Chukua gazeti lolote la zamani uweke kioo cha kukuzia, utaziona. Mashine za kasi zilichelewa kuimudu mbinu hiyo, lakini kufikia 1904 Daily Mirror la London lilikuwa linajaza kurasa zake picha. Mchongaji akafunga karakana. Huyo ndiye wa kwanza kuondolewa.

Nawasilisha kwa sasa. Nitarudi na habari ya waya.

KitufeLaini

Mkuu MkandaWa36, uzi mzuri ila naomba nitofautiane nawe mapema kabla watu hawajajaa.

Bila kamera kubadilika, hiyo njia yako ingebeba nini? Sura za watu walioganda. Jacob Riis alitaka kuonyesha jinsi maskini wa New York walivyolala, kumi na zaidi chumba kimoja, usiku. Hakuweza mpaka ilipokuja baruti ya magnesi, miaka ya 1880. Unaiwasha, inalipuka mwanga, moshi unajaa chumba. Aliwahi kuunguza mahali alipokuwa anapiga. Lakini kitabu chake cha 1890 kiliwafumbua macho watu waliokuwa wakipita nje ya majumba hayo kila siku.

Halafu njoo Ujerumani. Mwaka 1924 ikatoka Ermanox, kamera ndogo ya vioo, yenye lenzi inayomeza mwanga kiasi kwamba unapiga ndani ya chumba bila flashi. Erich Salomon akaificha kwenye kofia na kupiga picha mahakamani mwaka 1928. Akaingia kwenye mikutano ya mabwana wakubwa wa Ulaya, akawakamata wakipiga miayo, wakisinzia, wakinong'onezana. Kabla yake mwanasiasa alikuwa mtu anayesimama wima kutazama lenzi.

Mwaka 1925 ikaja Leica. Oskar Barnack alikuwa na pumu, akachoka kubeba masanduku mlimani, akaunda kamera ya kutumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Mikanda 36 kwa roli! Jina lako lenyewe, mkuu, umelitoa kwenye kamera halafu unaikana.

MsomajiTu

Nimevuta kiti. Endeleeni.

MkandaWa36

KitufeLaini umenipiga pazuri, hasa hapo kwenye jina. (Picha 36 kwa mkanda, siyo mikanda 36, ila nimekuelewa.)

Salomon nakuachia. Pale kamera ilifanya kazi ambayo njia isingeweza. Nikumbushe tu kwamba mwisho wake ulikuwa mbaya, aliuawa Auschwitz mwaka 1944 kwa sababu ya Uyahudi wake. Ila huyo Riis ni shahidi wangu mimi. Fungua kitabu hicho cha 1890: picha baadhi zimechapwa kwa nukta, nyingine bado ni michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye picha zake. Magnesi ilikuwa tayari, mitambo haikuwa tayari. Zile zilizonakiliwa zimepoteza ukali wote, zimekuwa kama vielelezo vya hadithi.

Sasa waya. Tarehe 1 Januari 1935 shirika la habari la AP lilifungua mtandao wa kutuma picha kwa laini za simu, nchi nzima ya Marekani. Picha ya kwanza ilikuwa ya ndege ndogo iliyoanguka kwenye milima ya Adirondack. Ulaya walikuwa wameshaanza kwa mitambo ya Arthur Korn na Édouard Belin, lakini huu ulikuwa mtandao wa kila siku. Unaifunga picha iliyooshwa kwenye silinda, silinda inazunguka, doa la mwanga linaisoma mstari kwa mstari, mwanga unageuzwa sauti, sauti inapita kwenye simu. Upande wa pili silinda nyingine inazunguka kwa mwendo uleule na kuandika kwenye karatasi.

Nimetumia mtoto wa mtoto wa mashine hiyo. Karibu dakika kumi kwa picha moja nyeusi na nyeupe. Ya rangi unatuma mara tatu, kila rangi na safari yake, na ikiharibika ya tatu unaanza upya. Laini ikikwaruza, picha inapata mstari. Opareta wa simu akiingia kuuliza "Mmemaliza kuongea?", sauti yake inachorwa usoni kwa mtu uliyempiga. Safari moja mstari mweupe ulipita juu ya mkono wa mheshimiwa fulani. Fundi wa rangi kwenye gazeti nililolitumikia (silitaji) akaufuta kwa brashi, akafuta na kidole. Mheshimiwa akatoka ukurasa wa mbele na vidole vinne. Alipiga simu mwenyewe.

Lakini kuna jambo zito kuliko kidole. Njia hiyo ilimtenganisha mpigaji na picha yake. Joe Rosenthal wa AP alipiga askari wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima, Japani, Ijumaa, 23 Februari 1945, kwa Speed Graphic ya filamu kubwa. Filamu ikasafirishwa hadi Guam, ikasafishwa huko na wengine, ikarushwa kwa redio, na Jumapili ilikuwa kurasa za mbele Marekani. Rosenthal alikuwa bado kisiwani, hajaiona. Alipofika Guam akakuta anapongezwa, mtu akamuuliza kama aliwapanga wale askari. Akadhani anaulizwa ile picha nyingine, ya kundi zima likishangilia, ambayo kweli aliwapanga. Akajibu ndiyo. Tuhuma hiyo ilimwandama maisha yake yote, na bendera yenyewe hakuipanga.

Sasa niambieni, hapo kamera imefanya nini? Kisa chote kimetokea njiani.

Mzee_Negativu

Nilifanya kazi chumba cha giza miaka mingi, nimefurahi kuona tunatajwa, maana kwa kawaida sisi ndio tunaolaumiwa. Mfano ni mpigapicha wa vita Robert Capa, aliyeteremka na askari ufukwe wa Normandy, Ufaransa, 6 Juni 1944. Mkanda ukafika London, kijana wa maabara kwa haraka akaukausha kwa moto mkali, picha zikayeyuka, zikabaki kumi na moja tu.

ChipuNaKadi

Shikamoo mzee. Samahani kukukatiza, hicho kisa cha kuyeyuka siku hizi kinatiliwa shaka sana. Watafiti wameonyesha kwamba moto wa kabati la kukaushia usingeyeyusha filamu namna ile, na inawezekana Capa alipiga picha chache tu pale ufukweni akaondoka. Kijana wa maabara amebeba lawama kwa miongo kadhaa kwa jambo ambalo pengine halikutokea.

Mzee_Negativu

Marahaba mwanangu. Basi umenipa raha ya uzeeni. Moyoni nilikuwa najiuliza, maana nimekausha mikanda kwa mashine ya kukaushia nywele mara elfu, ikajikunja, ikapata vumbi, haikuyeyuka hata mmoja.

ChipuNaKadi

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme upande wangu. Mimi ni mhariri wa picha, nilianza kazi filamu ikiaga.

Watu husema dijitali ilianza 1975 kwa sababu Steve Sasson wa Kodak aliunda kamera mwaka huo. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kwetu sisi wa habari ilikuwa haina maana yoyote. Hata ile Kodak DCS ya 1991 haikutufaa sana: mwili wa Nikon F3, waya, na sanduku la kuhifadhia picha linaloning'inia begani, kwa bei ya dola zipatazo 20,000. AP walijikaza na kamera yao ya NC2000 mwaka 1994. Mlango ulifunguka 1999 na Nikon D1, chini ya dola 6,000, megapikseli 2.7. Leo unazicheka, lakini kwa ukurasa wa gazeti zilitosha.

Hapa namuunga mkono mleta uzi, ingawa kwa sababu nyingine. Ubora wa picha haukupanda, ulishuka. Filamu ilikuwa bora kuliko D1 kwa kila kipimo. Tulihama kwa sababu ya muda tu. Mkanda unahitaji kusafishwa, kukaushwa, kuchagua kwenye meza ya mwanga, kuskani, kutuma. Kadi unaichomeka. Aliyekuwa na filamu akifika chumba cha habari, mwenye kadi ameshalala.

Tulichopoteza ni masalio. Mpigapicha Dirck Halstead aliona sura ya Monica Lewinsky kwenye habari za kashfa ya Rais Clinton mwaka 1998, akahisi aliwahi kumwona. Msaidizi akapekua maelfu ya slaidi zake, wakapata moja ya mwaka 1996, Rais Clinton akimkumbatia binti huyo katikati ya umati. Wapigapicha wengine walikuwepo siku hiyo. Halstead mwenyewe alieleza kwamba waliotumia dijitali walikuwa wameshafuta, kwa sababu siku ile haikuwa picha ya kitu chochote. Kadi zilikuwa ghali na ndogo, ukimaliza unafuta. Filamu huwezi kuifuta, unaitupa kabatini tu.

KitufeLaini

Dada hapo umeniangusha. Sikuwahi kufikiria uvivu wa kupanga kabati kuwa mbinu ya uandishi wa habari.

Tukio_Nje

Mbona mnazunguka simu? Au wapigapicha mnaona aibu?

Aprili 2004 dunia iliona yaliyotokea gereza la Abu Ghraib. Nani alipiga? Askari wenyewe, kwa vikamera vya mfukoni, kwa kujifurahisha. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yakalipuka London, na picha za ndani ya handaki la treni zilitoka kwa abiria wenye simu, maana mpigapicha asingeruhusiwa kushuka. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ikatua mtoni Hudson, New York. Picha iliyozunguka kwanza ilipigwa na abiria wa kivuko kilichokuwa kinaenda kuokoa watu, akairusha Twitter kutoka majini.

Mleta uzi anasema kila njia ikifupishwa mtu anaondolewa. Hapa aliyeondolewa ni ninyi. Tarehe 30 Mei 2013 Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote, watu 28, akiwemo John H. White aliyekuwa na tuzo ya Pulitzer, na waandishi wakaambiwa wajifunze kupiga kwa iPhone.

MkandaWa36

Tukio_Nje, aibu hatuna, tuna uchungu. Hiyo ya Sun-Times niliisoma mara tatu siku ile nikidhani nimekosea tarakimu.

Ila tutenganishe mambo mawili. Aliyekuwepo handakini na simu alifanya jambo ambalo mimi nisingeweza, na sina kinyongo naye. Shahidi wa bahati amekuwepo siku zote. Filamu ya Kennedy akipigwa risasi 1963 ilipigwa na mwenye kiwanda cha nguo, Abraham Zapruder. Tofauti ni kwamba filamu ya Zapruder ilipita kwenye meza nyingi kabla mwananchi hajaiona, na ya kivuko haikupita meza hata moja. Simu imeunganisha kamera na mtambo wa kuchapa kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana nasisitiza njia: simu ya 2002 yenye kamera lakini isiyo na mtandao wa maana haikubadilisha habari yoyote.

Kumwachisha kazi White ni jambo lingine. Mtu wa kivuko hatakwenda kukaa mwezi mzima na familia moja mpaka wasahau yupo. Hapo wahasibu walichanganya aliyebahatika kuwepo na anayekwenda kwa makusudi.

Mzee_Negativu

Na meza zikiondoka, uongo unapita. Sisemi zamani tulikuwa malaika. Gardner yule yule wa Antietam, mwaka 1863 kule Gettysburg, aliburuta maiti ya askari mmoja, akaiegemeza bunduki kando, akaipiga upya kama mdunguaji. Stalin alifuta watu kwenye picha baada ya kuwafuta duniani. Lakini ilihitaji fundi, brashi, na siku nzima.

ChipuNaKadi

Ni kweli mzee, na tarehe zinaonyesha jinsi ilivyorahisika. National Geographic walisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, na wakati huo ilihitaji mtambo wa gharama kubwa. Mwaka 2003 mpigapicha wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za Basra, Iraq, kwenye laptopu yake akiwa uwanjani. Ilipita wahariri wote, ikachapwa, mpaka mtu wa gazeti lingine akaona raia walewale wamejirudia nyuma ya askari. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2006 mwingine akaongeza moshi juu ya Beirut, kwa ufundi mbovu kweli, moshi umejirudia kama kitambaa cha maua. Waliomgundua ni wasomaji mtandaoni. Reuters wakaondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa.

Hiyo ya Basra ndiyo hunikera, maana mimi hukaa kwenye kiti kama kile. Siku ya habari kubwa picha zinaingia kwa maelfu. Jicho lako ni sekunde mbili kwa picha. Kwenye michezo mikubwa kamera ya siku hizi inapiga fremu 20 kwa sekunde bila sauti na kutuma yenyewe. Mkimbiaji hajavua viatu, picha yake ipo mezani kwangu pamoja na nyingine mia zinazofanana nayo. Mwaka 2015 Reuters waliwaambia wapigapicha wao wa kujitegemea watume faili kama lilivyoandikwa na kamera, wasitengeneze kutoka faili ghafi. Sababu mbili walizotaja ni uaminifu na kasi.

Na sasa hata kamera haihitajiki. Mei 2023 picha ya kutengenezwa ya mlipuko karibu na Pentagon ilizunguka asubuhi, masoko ya hisa yakatikisika kwa dakika chache kabla ya kukanushwa. Machi 2024 AP, AFP, Reuters na Getty walitoa amri ya kuiua, yaani isitumike tena, picha ya Kate, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, na wanawe, kwa sababu mkono wa sweta la mtoto haukukaa sawa. Ile haikuwa ya akili mnemba, ilikuwa ni kurekebisha tu kwa kawaida. Miaka kumi nyuma nadhani ingepita. Tumekuwa waoga, na sioni kama ni vibaya.

KitufeLaini

Na ndipo kamera inaporudi kwenye mada yangu! Oktoba 2023 Leica walitoa M11-P, kamera ya kwanza inayoitia picha muhuri wa siri wakati uleule wa kupiga: nani, lini, kwa kamera gani. Ukigusa picha baadaye, muhuri unaonyesha. Wengine wanafuata.

MkandaWa36

Nimeusoma mfumo huo, na nakiri umenikumbusha kitu. Vijana mnajua nyuma ya picha za habari za zamani kuna nini? Mihuri. Muhuri wa shirika, muhuri wa tarehe ilipoingia gazetini, karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwa gundi, penseli ya mhariri wa kwanza, wino wa wa pili, mistari ya kukata, bei iliyolipwa, tarehe ya kutumika tena. Kila aliyeitazama aliacha alama. Picha ya waya ilipofika mwisho wa safari nyuma yake kulikuwa na maandishi kuliko mbele. Huo muhuri wa Leica ni nyuma ya picha tu, imerudishwa baada ya miaka thelathini ya picha zisizo na nyuma.

Kasoro yake naiona moja. Muhuri wa kamera unasema picha haikuguswa. Hausemi kama askari walipangwa. Rosenthal angekuwa na M11-P bado angeulizwa lile swali.

MsomajiTu

Nimekaa kimya muda wote ila sasa nina swali. Nimerithi kutoka kwa mjomba maboksi mawili ya picha za gazeti, nyeusi na nyeupe. Nimeanza kuskani wiki iliyopita, nimefika kama sitini. Sikuskani nyuma, niliona ni uchafu wa penseli na gundi. Nirudie?

MkandaWa36

Rudia zote sitini, anza na nyuma. Na hizo karatasi za maelezo usizibandue, hata zikiwa zimelegea.

Mzee_Negativu

Ukikuta mwandiko wa penseli nyekundu usisugue, huo unatoka hata kwa kidole. Piga kwanza na mwanga wa pembeni.